Umeme umefika nyumbani, lakini mkaa bado uko jikoni: tatizo liko wapi?

Mama Nuru, Mbagala (mwanzisha mada)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba mnieleweshe jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu mvua zilipoanza na mkaa ukapanda bei kama ilivyo kawaida yake.

Mimi ni mama lishe hapa Mbagala, na kwa siku ninapika maharage, wali na ugali wa watu wasiopungua hamsini. Nimenunua mkaa kwa gunia kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo nimejifunza kuutambua. Mkaa mzuri ukigonganisha vipande viwili unalia kama bati, na ukiuwasha alfajiri unaivisha sufuria ya maharage bila kuongezewa kila mara. Zamani gari lililotuletea lilitoka Mkuranga, na dereva alikwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Baadaye akawa anataja Rufiji, kisha Kilwa, na sasa anasema Liwale. Tena si umbali peke yake uliobadilika. Wiki iliyopita nilimimina gunia nikakuta zaidi ya nusu ni mkaa wa mwembe na mkorosho, mwepesi, usiolia ukigongwa, unaomeguka chenga mkononi. Mtu akifikia hatua ya kukata mwembe wake ili auchome mkaa, mimi ninaelewa kwamba msitu uliokuwa nyuma ya nyumba yake umekwisha.

Wakati huo huo tunaambiwa redioni kwamba Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika na mitambo yake yote tisa, megawati 2,115, na kwamba nchi sasa inazalisha umeme mwingi kuliko inavyoutumia. Hata kwangu umeme upo, na taa inawaka juu ya jiko la mkaa. Ninauliza hivi: umeme huo wa maji, pamoja na huo wa jua na upepo unaosifiwa, unauokoaje msitu ikiwa sufuria haijawahi kuuonja? Na nikihamia kwenye mtungi wa gesi kama ninavyoshauriwa kila siku, nitakuwa nimeacha kumaliza maliasili au nitakuwa nimehama tu kutoka kumaliza hiki kwenda kumaliza kile? Mwanangu aliyeko sekondari anasema gesi nayo inachimbwa, na kwamba ile ya Songo Songo ina siku yake ya kwisha.


Mstaafu wa Maliasili, Kilosa

Mama Nuru, nimefanya kazi ya misitu kwa miaka thelathini na moja, sehemu kubwa nikiwa mkoani Morogoro, kwa hiyo nitajibu upande wa msitu na kuwaachia vijana upande wa nyaya.

Anza na tanuri, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa inapotokea bila mnunuzi wa mjini kuiona. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na matawi mabichi, kisha hushindilia udongo juu yake na kuwasha moto upande mmoja. Kuanzia hapo halali usingizi wa maana kwa wiki nzima au zaidi, maana ufa mmoja ukifunguka usiku asiuzibe, hewa inaingia na asubuhi anakuta jivu. Mchomaji mwenye haraka, anayechoma magogo mabichi kwa sababu anaogopa kukutwa na askari wa misitu, hupata kilo 10 hadi 15 za mkaa katika kila kilo 100 za kuni. Yule aliyeyakausha magogo, akayapanga vizuri na kuweka bomba la moshi, anaweza kuvuka kilo 20. Kwa hiyo woga wa mchomaji peke yake unaweza kukata miti karibu maradufu kwa gunia lile lile. Nilipokuwa kazini jambo hili halikupendwa kusikika, lakini nililiona kwa macho yangu: kadiri tulivyowakimbiza ndivyo walivyochoma vibaya.

Pili, usiuchukulie msitu kama mgodi. Miombo yetu ina tabia ya kuchipua: mti ukikatwa vizuri, kisiki hutoa machipukizi, na ukiyaacha yakue, baada ya miaka ishirini na kitu unakuwa na kuni tena. Hapa Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa viliingia katika mradi wa mkaa endelevu. Msitu wa kijiji uligawanywa katika viwanja vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti, kiwanja kimoja kinavunwa na cha jirani kinaachwa, na mzunguko mzima ulipangwa kuchukua miaka 24. Ushuru ulibaki kijijini, na nimeingia katika madarasa na zahanati zilizojengwa kwa fedha hizo. Mkaa ulikuwa ule ule unaotukanwa kila siku, isipokuwa msitu ulikuwa na mwenyewe.

Huko unakotoka mkaa wako sasa hivi, mara nyingi mti hauna mwenyewe, na kwa hiyo hauna bei. Wewe unapolipa gunia unalipia jasho la mchomaji, gari, vizuizi vya njiani na faida ya muuzaji. Gharama ya miaka arobaini ambayo mti ulisimama haimo. Nishati mbadala inashindana na kitu ambacho malighafi yake ni ya bure.

Lakini tusiusingizie mkaa kila kitu. Nchi yetu ina hekta milioni 48.1 za misitu, na hesabu ya Serikali kwa kipindi cha 2002 hadi 2013 ilionyesha kwamba tulikuwa tukipoteza takriban hekta 469,000 kila mwaka. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligeuzwa mashamba. Kule kusini mtu anafyeka ili alime ufuta, na mkaa ndio unaomlipia gharama ya kufyeka. Akimaliza kuchoma anang'oa visiki, na kisiki kilichong'olewa hakichipui. Ndiyo maana hata kama Dar es Salaam nzima ingeacha mkaa kesho, shamba la ufuta lingeendelea kusogea. Na wanaodhani dawa ni kupiga marufuku wakumbuke mwaka 2006, biashara ya mkaa ilipozuiwa nchi nzima na katazo lenyewe likaondolewa baada ya muda mfupi, kwa sababu watu walikuwa bado wanataka kula.

Jambo la mwisho: maji yanayozungusha ile mitambo tisa yanatoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, yaani katika milima na mabonde tunayoyazungumzia hapa hapa. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi tangu mwaka 1993, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenye mashamba ya mpunga kule Usangu. Umeme wa maji tunauita jadidifu, yaani wa chanzo kinachojirudisha, na ni sawa, ilimradi mto wenyewe unajadidika.


Fundi Umeme, Dodoma

Shikamoo mzee, na Mama Nuru hujambo. Nitajibu kwa hesabu, kwa sababu katika kazi yangu nimeona watu wakihukumu umeme bila kuupima.

Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati ya takriban uniti 8 kama zile za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Jiko la bati la kawaida hufikisha kwenye sufuria kama robo yake, tuseme uniti 2, na zilizobaki zinapasha joto magoti ya mpishi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina karibu uniti 13, na zaidi ya nusu hufika kwenye chakula, tuseme 7. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unafanya kazi ya kilo 20 hivi za mkaa. Sasa rudi nyuma hadi tanurini kwa maelezo ya mzee: kilo ile moja ya mkaa ilitokana na kilo 7 hadi 10 za kuni, ambazo zilipokuwa kavu zilikuwa na nishati isiyopungua uniti 30. Katika uniti 30 zilizokuwa msituni, 2 tu ndizo zilizoivisha maharage.

Swali lako kuhusu gesi lina mchanganyiko ambao karibu kila mtu anaufanya. Gesi ya mtungi haitoki Songo Songo. Ya mtungi ni propani na butani, bidhaa za mafuta, nayo huletwa kwa meli kutoka nje. Ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ni methani, ambayo haikubali kugeuka kimiminika kwa kubanwa tu ndani ya mtungi wa nyumbani. Hiyo huchomwa kwenye mitambo ya umeme na viwandani, na nyumba chache za Mikocheni na Mtwara zimeunganishwa nayo kwa bomba hadi jikoni. Mwanao amesema kweli kwamba zote mbili zitakwisha. Hata hivyo, mimi ningekushauri mtungi bila kusita, kwa sababu msitu wa Liwale unakwisha mbele ya macho yetu kwa mwendo ambao hautasubiri tupate kitu kisafi kuliko vyote.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Kinachowaogopesha watu ni mpangilio wa bei, na woga huo una sababu. Mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo zikiongezwa kodi na tozo zinakuwa 122, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, zile za ziada anauziwa shilingi 350 kabla ya kodi, na akizoea kuzidisha anahamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292, yaani kama 356 ukijumlisha kila kitu. Familia yenye taa, televisheni na friji ndogo inaweza kuwa imekaribia 75 bila kuchemsha hata chai. Siku inapoanza kupika kwa umeme, bei inapanda karibu mara tatu, si kwa uniti za kupikia tu bali hata kwa taa zilizokuwa zikiwaka tangu zamani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mimi ninauunga mkono. Lakini mstari huu wa uniti 75 umesimama katikati ya njia.

Pamoja na hayo, nimepima nyumbani kwangu. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku, katika presha kuka ya umeme, imeiva kwa chini ya nusu uniti. Hata kwa bei ya T1 hiyo haifiki shilingi 200. Siri iko kwenye chombo, kwa sababu kimefunikwa, kimezungushiwa kitu kinachozuia joto lisitoke, na kikishika presha kinajizima. Jiko la koili la kawaida, ambalo sufuria inakaa wazi juu yake kwa saa mbili, lingekula uniti mara kadhaa ya hizo. Wengi waliosema umeme ni ghali walijaribu koili.


Mama Nuru, Mbagala

Ahsanteni sana, hasa kwa ile hesabu ya uniti 30 na 2, ambayo nimemsomea mume wangu mara mbili.

Ila naomba niseme kitu kuhusu ugali. Ugali hauchemshwi, unasongwa. Sufuria yangu ni ya kitako cha mviringo, na ninapousonga wa watu ishirini ninaikanyaga kwa miguu miwili huku nikivuta mwiko kwa mikono yote. Juu ya sahani tambarare ya umeme sufuria hiyo inacheza kama mtumbwi. Nilinunua jiko la gesi la mezani mwaka juzi na likapinda miguu ndani ya mwezi mmoja. Tena kuna suala la fedha zinavyoingia. Jirani yangu hanunui gunia. Ananunua mkaa wa shilingi elfu moja asubuhi na wa elfu moja jioni kwa kopo, kwa sababu hizo ndizo alizonazo kwa wakati huo. Ukizipiga kwa mwezi amelipa zaidi ya bei ya mtungi, na yeye mwenyewe anajua, lakini hakuna siku ambayo elfu ishirini na kitu zinakaa pamoja mkononi mwake.


Binti wa Likoni, Mombasa

Mama Nuru, hilo la kopo ndilo ningetaka kulizungumzia, kwa kuwa huku kwetu tunalijua vizuri, ingawa sisi tunasema makaa na kuyapima kwa mkebe.

Kenya inaonewa wivu kwa stima safi, yaani umeme. Mvuke wa ardhini wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Sehemu kubwa sana ya umeme wetu, karibu asilimia 90, haitoki kwenye mafuta. Lakini ukipita Likoni saa kumi na mbili jioni utaona moshi wa majiko ya viazi karai na mahamri, na stima imewasha taa tu. Yaani nchi inaweza kugeuza mitambo yake yote kuwa safi na bado isiguse jambo linalokula misitu, kwa kuwa mitambo na jiko ni vitabu viwili tofauti.

Gesi ya meko ilianza kuingia mitaani kwetu kwa nguvu ilipoondolewa ushuru wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2016. Mwaka 2021 ushuru wa asilimia 16 ukarudishwa, mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi 8, na mwaka 2023 ukaondolewa tena. Mimi nilishuhudia mtaani kwangu mitungi ikigeuzwa kuwa stuli za kukalia katika kipindi hicho cha 2021. Mpishi akisharudi kwenye makaa, mtungi haumrudii kwa sababu bajeti imesomwa bungeni tu. Anasubiri kuona kama bei itatulia. Kwa maoni yangu, kuyumba kwa bei kumetuumiza kuliko ukubwa wa bei yenyewe.

Kilichosaidia baadhi yetu ni vibanda vya kuuza gesi kwa kipimo, na mita za kulipia kwa simu, ambapo mtu analipa shilingi hamsini na kupika za hamsini. Ni kopo lile lile la makaa, ila sasa ndani yake mna gesi. Anayetaka kumwachisha jirani yako mkaa angeanzia hapo.

Na niongeze jambo dogo kuhusu upepo. Ile mitambo ya Turkana ilikamilika mwaka 2017 ikasimama bila kuuza hata uniti moja hadi Septemba 2018, kwa sababu njia ya nyaya ya kilomita 428 hadi Suswa haikuwa tayari. Upepo ulikuwa ukivuma muda wote huo.


Mkazi wa Lubumbashi

Salamu kutoka Katanga, Kongo. Ninyi mnazungumzia umeme uliofika ukakosa kuingia jikoni. Sisi tuna umeme unaopita juu ya vichwa vya watu. Laini kubwa kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, ya kilomita kama 1,700, ilianza kazi mwaka 1982 kwa ajili ya migodi ya shaba, na inapita juu ya vijiji vingi mno visivyo na taa, kwa sababu umeme wake ni wa mkondo mnyoofu (DC) ambao huwezi kuuchota njiani kwa transfoma ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba mji wetu, ulio katikati ya nchi ya madini na unaopata umeme wa kukatika-katika, umekula miombo yote ya jirani kwa ajili ya makala, ndivyo tunavyouita mkaa huku. Baiskeli zinazoingia asubuhi na magunia marefu kuliko mwendeshaji sasa hutoka mbali sana.

Ninapendelea pia kuwakumbusha kwamba paneli na betri hazianguki kutoka mbinguni. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kwenye betri, inachimbwa huku kwetu, na mashimo yake ninayaona. Nishati ya jua ni jadidifu. Betri yake imechimbwa.


Fundi Umeme, Dodoma

Ndugu wa Lubumbashi, umesema kweli, ingawa ni haki kuongeza kwamba betri nyingi za sola za majumbani siku hizi ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, ambazo hazina kobalti kabisa. Bado lithiamu inachimbwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba betri ikifa, madini yake bado yamo ndani na yanaweza kutolewa tena, wakati mkaa wa jana haupo popote.

Mama Nuru, kuhusu ugali sitabishana nawe, maana mke wangu ameniambia maneno yale yale. Usihamishe vyote kwa pamoja. Hamisha maharage kwanza, kwa sababu ndiyo yanayokaa motoni muda mrefu kuliko kitu kingine chochote jikoni kwako. Yapike kwa presha kuka kubwa saa kumi alfajiri, wakati mitambo haijalemewa, na uache mkaa kwa ajili ya ugali. Ukinunua, weka mita ndogo ya kupima uniti kwenye soketi, usimsikilize muuzaji wala mimi.


Mstaafu wa Maliasili, Kilosa

Naunga mkono. Na kwa gunia linalobaki, Mama Nuru, muulize dereva kama anayo hati ya kusafirishia na imetolewa kijiji gani. Atacheka mara ya kwanza. Wateja wakiwa kumi wanaouliza ataanza kwenda kule ambako hati inapatikana.


Mama Nuru, Mbagala

Mzee, nilimuuliza leo asubuhi, na kweli alicheka. Kisha akanionyesha karatasi ambayo maandishi yake yamefifia kiasi kwamba jina la kijiji halisomeki, na tarehe yake ni ya mwaka jana.

Presha kuka nimeipata ya lita 12 kwa mkopo wa kikundi chetu, nitailipa kwa miezi minne. Maharage ya kesho yamelowekwa tayari. Kabla ya kulala nimeandika namba ya mita ukutani kwa kipande cha mkaa: zimebaki uniti 41.6.